Stendi ya Tangi la Samaki Ikianza Kuyumba, Kubonyea au Kuvimba: Tafuta Chanzo Kabla Kioo Hakijapasuka

Watu wengi hugundua ubovu wa stendi kupitia kioo. Mshono unaanza kutoa jasho, ufa mwembamba unatokea kwenye pembe ya chini, au maji yanakutwa sakafuni asubuhi, na lawama zote zinamwendea fundi aliyeunganisha vioo. Ukiliondoa tangi hilo na kukagua pale lilipokuwa limekaa, mara nyingi unakuta kioo kimeteseka muda mrefu kwa sababu ya ubao uliojipinda milimita chache. Kioo hakikuonyeshi kwamba kimechoka. Huvumilia, huvumilia, kisha hupasuka.

Kwanza piga hesabu ya uzito, maana ndiyo inayoeleza mengine yote. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 50 huingia lita 200. Kioo cha unene wa milimita 8 kina kilo 20 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tangi hilo likiwa tupu ni kama kilo 36. Ongeza tabaka la changarawe la sentimita 5, ambalo ni kilo 30 hivi, toa maji yaliyosukumwa na changarawe hiyo, na bado unabaki na kama kilo 250 kabla hujaweka hata jiwe moja la pambo. Ni sawa na watu wazima wanne waliosimama mahali pasipofika nusu mita ya mraba, usiku na mchana, bila kushuka. Meza ya televisheni haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata ikionekana nene.

Dalili zisizosubiri uchunguzi

Maji yakidondoka kwenye soketi au ekstensheni, nenda kwenye swichi kuu uzime umeme kwanza. Usiguse waya, usiingize mkono ndani ya tangi. Ukishazima ndipo umwite fundi umeme.

Kiungo cha stendi kikifunguka mbele ya macho yako, ukisikia mbao inachanika, au ukiona ufa wowote kwenye kioo cha chini, watoe watoto karibu na uanze kupunguza maji papo hapo. Tumia mpira wa kunyonyea maji na ndoo. Samaki wahamie kwenye ndoo yenye maji yaleyale ya tangi pamoja na pampu ya hewa. Usijaribu kuinua kona ya tangi lenye maji kwa jeki, kwa mtaimbo au kwa vijana wawili wenye nguvu. Hata robo ya maji ya tangi tulilolitaja ni kilo 50, na ukiinamisha zote zinakimbilia upande mmoja wa kioo.

Maji yamepanda upande mmoja

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na lina mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya: tangi kulala upande, na tangi kusokoteka. La kwanza linaudhi macho. La pili linavunja kioo.

Kuyatofautisha hakuhitaji kifaa maalumu. Zima pampu, subiri maji yatulie, kisha kwa rula pima kutoka ukingo wa juu wa kioo hadi usoni mwa maji kwenye pembe zote nne. Andika namba. Tuseme umepata mbele kushoto milimita 30, mbele kulia 33, nyuma kushoto 32, nyuma kulia 35. Jumlisha pembe zinazotazamana kwa mshazari: 30 na 35 ni 65, 33 na 32 ni 65. Jumla zimelingana, maana yake tangi limelala tu, kioo bado kimenyooka. Sasa tuseme nyuma kulia ungepata 32 badala ya 35. Jumla moja ni 62, nyingine 65. Hapo pembe moja imevutwa, tangi limesokotwa kama nguo inayokamuliwa, na silikoni ya mishono ndiyo inayobeba msokoto huo. Tofauti ya milimita 1 inaweza kuwa jicho lako au ukataji wa kioo, pima tena. Ikifika 2 au 3 na ikarudi ileile kila unapopima, usiipuuze.

Chanzo cha kwanza ni sakafu. Sakafu nyingi hazijanyooka, hasa karibu na ukuta na karibu na mlango. Weka pimamaji (kifaa chenye povu la kuonyesha usawa) sakafuni kando ya stendi, kwa urefu na kwa upana. Chanzo cha pili ni miguu yenye skrubu ya kurekebisha kimo: mmoja haujashushwa hadi ukagusa. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila mguu. Kikipita, mguu huo hautendi kazi na mitatu iliyobaki inabeba mzigo wa minne. Chanzo cha tatu ni ubao wa juu wa stendi wenyewe kujipinda, nao nitaueleza sehemu inayofuata. Cha mwisho, ambacho hutokea mara chache lakini ni kibaya zaidi, ni sakafu kuzama. Utakijua kwa kuandika zile namba nne kila wiki kwa mwezi mzima. Zikiendelea kubadilika, tatizo limeshatoka kwenye stendi na kuingia kwenye jengo.

Tangi lililolala tu kwa milimita 2 au 3 kwenye urefu wa mita 1 mimi huliacha, nikaendelea kulitazama. Zaidi ya hapo, au likiwa limesokoteka kwa kiasi chochote, litoe maji yote, liondoe, kisha nyoosha stendi. Kabari huwekwa chini ya miguu ya stendi, haziwekwi kamwe kati ya kioo na ubao. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kupita mengine: mtu ameona kona imeshuka, akachomeka kipande cha mbao chini ya kioo, na sasa kona hiyo moja imebeba mzigo uliopaswa kugawanywa kwa urefu wote. Tumia kabari za mbao ngumu, plastiki ngumu au bati nene, zilizokatwa zifunike mguu mzima. Kadibodi iliyokunjwa itabonyea na kulowana, na baada ya wiki chache utakuwa umerudi ulikoanzia.

Kuna mwanya kati ya tangi na ubao wa juu

Chukua kadi ngumu ya plastiki na uipitishe chini ya ukingo wa tangi kuzunguka pande zote. Pale inapoingia, tangi limekaa hewani.

Kabla ya kuulaumu ubao, angalia tangi lako ni la aina gani. Tangi lenye fremu ya plastiki chini hukaa kwa kingo zake. Kioo cha chini kimeinuliwa makusudi, na hilo lisikutie hofu. Tangi hilo halitaki sponji chini yake, kwa sababu sponji ikibanwa na fremu huvimba katikati na kukisukuma kioo kwenda juu. Tangi lisilo na fremu, lile la kioo kitupu, hukaa kwa kitako chake chote, na hilo linataka tandiko la sponji ngumu la milimita 5 hadi 10 chini yake lote, bila kuacha nafasi. Mkanganyo wa matangi haya mawili umevunja vioo vingi vilivyokuwa vizima.

Sababu ya kawaida ya mwanya ni uchafu: punje ya mchanga, tone la gundi lililokauka, kichwa cha skrubu kilichobaki juu ya ubao. Pitisha kiganja polepole juu ya ubao wote kabla ya kuweka tangi. Vidole huhisi kitu ambacho jicho halikioni. Punje moja ya kokoto chini ya kioo kitupu inatosha kuanzisha ufa, maana mzigo wote wa eneo hilo unakusanyika kwenye ncha yake.

Ikiwa ubao ni safi na mwanya bado upo, ubao umepinda. Hapa ndipo uzi unaposhinda pimamaji. Ubao ukiwa mtupu, funga uzi mwembamba kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, kisha wa pili kwa mshazari mwingine, yote miwili ikiwa imekazwa sana. Inapokutana katikati, itazame kwa usawa wa jicho. Ikigusana kidogo bila kusukumana, pembe nne ziko kwenye uso mmoja. Ikiachana, au mmoja ukiubana mwingine, stendi imesokoteka, na umbali kati ya nyuzi hizo ni nusu ya kiasi ambacho pembe moja imetoka nje ya uso huo. Badilisha mpangilio, ule wa juu uwe wa chini, urudie, ili uzi wenyewe usikudanganye. Kisha weka rula ndefu iliyonyooka juu ya ubao na uwashe tochi nyuma yake. Mwanga unaopenya chini ya rula unakuonyesha bonde liko wapi.

Kwa tangi lisilo na fremu, bonde la milimita 1 sponji italimeza. Bonde la 3 au 5 haliwezi kumezwa, hata ukitandika sponji mbili. Stendi ya mbao itapigwa randa au kubadilishiwa ubao wa juu kwa plaiwudi ya milimita 18 au zaidi. Stendi ya chuma iliyosokotwa wakati wa kuchomelewa irudi kwa fundi wa kuchomelea. Kuikanyaga na kuigonga nyundo nyumbani huongeza msokoto mahali pengine.

Stendi inayumba ukiigusa

Weka kiganja ubavuni mwa stendi, karibu na juu, sukuma taratibu kwa nguvu ya kufunga mlango. Maji yakicheza kidogo kisha yakatulia, sawa. Stendi ikihama na kurudi kama mti kwenye upepo, kuna kazi. Rudia kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu stendi nyingi zimekazwa upande mmoja tu.

Kinachokosekana mara nyingi ni mshazari. Miguu minne na ubao juu ni umbo la mraba, na mraba hulala kwa urahisi; pembetatu hailali. Kabati la kununua lina mgongo wa ubao mwembamba wa milimita 3 uliopigiliwa misumari midogo, na mgongo huo ndio peke yake unaolizuia lisilale. Wengine huutoboa matundu makubwa ya kupitisha mabomba, au huung'oa kabisa ili chujio liingie. Nilisaidia kulikagua kabati la namna hiyo: lilikuwa limesimama mwaka mzima, na mgongo wake ulikuwa umebaki ukanda wa kiganja kimoja juu na kimoja chini. Tulipoondoa tangi tukalisukuma kwa kidole, likalala kama sanduku la karatasi.

Anza na rahisi: hakikisha miguu yote inagusa, kaza skrubu zote. Skrubu inayozunguka bila kukaza ndani ya chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) imeshachimba tundu lake, na kuibadilisha na nene zaidi kutakupa miezi tu. Tiba ya kweli ni kufunga mgongo wa plaiwudi ya milimita 12 kwa gundi na skrubu kila sentimita 15, na vipande vya mshazari kwenye mbavu. Kwa chuma, fundi achomelee pembetatu za bati nene kwenye viungo vya miguu. Kazi hii yote hufanyika tangi likiwa limeondolewa.

Stendi ambayo kimo chake kinazidi mara mbili upana wake wa mbele kwenda nyuma haitoshi kuwa imara yenyewe. Ifunge ukutani kwa vyuma vya pembe, hasa penye watoto wanaopenda kuning'inia. Ukuta ukiwa wa jasi au mbao nyembamba, usifunge popote unapoona. Tafuta nguzo ya ndani au mwite seremala.

Ubao unabonyea, milango haifungi

Dalili ya kwanza ya ubao kubonyea huwa mlangoni. Mlango wa kabati uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kusugua juu, kisha kunabaki alama nyeupe ya msuguo kwenye ukingo wake. Ukiiona alama hiyo usiukate mlango. Mlango ni mzima. Kilichoshuka ni boriti iliyo juu yake.

Sababu kuu ni urefu usio na mguu katikati. Inayofuata ni boriti iliyolazwa. Mbao ya sentimita 5 kwa 10 ikisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba ni ngumu kupinda mara 4 kuliko ileile ikilazwa, kwa kuwa ugumu hukua kwa mchemraba wa kimo. Mbao ni moja, pesa ni ileile, tofauti ni jinsi fundi alivyoigeuza. Mara nyingi pia mzigo unakuwa umening'inizwa kwenye skrubu: boriti imefungwa ubavuni mwa mguu badala ya kukaa juu yake. Chungulia ndani kwa tochi, fuata njia ya uzito kuanzia kioo hadi sakafu. Mbao ikae juu ya mbao, na mbao hiyo ikae juu ya mguu, na mguu ukae sakafuni. Skrubu kazi yake ni kushika vitu visihame, isipewe kubeba. Mwisho kabisa ni chipubodi yenyewe, ambayo hata ikiwa kavu huendelea kushuka polepole chini ya mzigo wa kudumu na hairudi.

Nguzo ya katikati iliyokatwa kwa kipimo sahihi hutibu kesi nyingi, lakini iwekwe baada ya tangi kutolewa na boriti kunyooka. Ukiigongomea chini ya boriti iliyobeba maji, unakisukuma kioo kutoka chini.

Ubao umevimba au unachubuka

Chipubodi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) zikinywa maji huvimba, na zikikauka hazirudi kwenye unene wake wala nguvu zake. Rangi au karatasi ya plastiki ya juu inaweza kubaki nzuri huku ndani kumekuwa uji. Bonyeza kwa ukucha kwenye kingo za chini na kuzunguka matundu ya mabomba. Ukucha ukizama, sehemu hiyo imekwisha.

Maji hutoka wapi? Mara nyingi ni matone ya mikono wakati wa kusafisha na kulisha. Yanayofuata ni maji yanayotambaa juu ya mpira wa chujio hadi chini, halafu mvuke ndani ya kabati lisilo na matundu ya hewa, na mwisho kabisa mshono unaovuja. Kausha kila kitu kwa kitambaa, kisha pitisha karatasi laini ya chooni kwenye mishono na kwenye kila mpira kutoka juu kwenda chini. Karatasi ikibadilika rangi, umepata mahali. Utando mweupe uliokauka kwenye mshono unaonyesha kwamba maji yamekuwa yakipita hapo siku nyingi.

Uvimbe mdogo kwenye mlango ni wa sura tu. Uvimbe kwenye mguu au ubao unaobeba hauna marekebisho. Usipake vanishi juu yake ukaridhika; toa maji, badilisha stendi.

Nyaya zote zishuke chini ya kimo cha soketi kisha zipande kuingia, ili tone likitambaa lidondoke kwenye kona ya chini ya waya. Na soketi isikae sakafuni mwa kabati.

Chuma kina kutu

Kutu ya juu juu isugue kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya mafuta. Maji ya chumvi huharakisha mambo, kwa hiyo wenye samaki wa baharini wakague kila mwezi. Hatari iko kwenye mabomba ya mraba, ambayo huoza kutoka ndani pale miguu inapokanyaga maji yaliyotuama. Gonga mguu kwa mpini wa bisibisi toka juu hadi chini. Sauti ikibadilika kuwa nzito na butu karibu na sakafu, au bisibisi ikipenya, usitumie tena stendi hiyo mpaka fundi akate na kubadilisha mguu.

Kigae kimepasuka, sakafu inadunda

Kigae kimoja kikipasuka chini ya mguu, mara nyingi ni kwa sababu kuna uwazi chini yake. Gonga kwa sarafu usikie mlio mtupu. Tiba ni kutandaza mzigo: ubao mnene chini ya miguu yote, au stendi yenye kitako kirefu badala ya ncha nne.

Sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi haitakusumbua kwa matangi ya kawaida. Ghorofani au kwenye sakafu ya mbao ni habari nyingine. Sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba ukitandazwa chumba kizima. Tangi letu linaweka kama kilo 250 kwenye nusu ya eneo hilo. Mara nyingi huhimilika kwa sababu chumba kilichobaki ni kitupu, hasa stendi ikiwa kando ya ukuta unaobeba na imekatiza boriti kadhaa badala ya kufuata moja. Lakini ukipita karibu maji yakacheza, milango ya chumba ikaanza kukwama, au ufa ukatokea kwenye dari ya chini, punguza maji na mwite mhandisi wa majengo. Hapo seremala hatoshi, na mimi pia sitoshi.

Mlio na mtetemo

Karibu kila mara ni pampu inayogusa ubao. Iweke juu ya kipande cha mpira, iache nafasi na mbavu za kabati. Mlio ukibaki pampu ikiwa imezimwa, ni viungo. Rudi kwenye sehemu ya kuyumba.

Kuijaribu stendi kabla ya kuiamini

Unapochagua stendi, mpya au iliyotumika, nenda nayo hivi hivi: sukuma kwa kiganja pande mbili, chungulia ndani ufuate njia ya uzito, bonyeza ukucha kingo za chini, funga nyuzi mbili za mshazari. Ubao wa juu uwe na ukubwa wa kitako cha tangi au zaidi kidogo. Tangi lisitokeze nje hata sentimita. Muuzaji akikuzuia kuigeuza uone chini yake, iache.

Ukiwa nayo nyumbani, ijaribu kwa mifuko ya mchanga iliyolazwa juu ya ubao, polepole, hadi ifike uzito wa tangi lako likijaa. Iache siku nzima, kisha funga nyuzi tena mchanga ukiwa umetolewa, na ulinganishe na kipimo cha mwanzo. Ikiwa sawa, weka tangi, jaza theluthi moja, pima pembe nne. Theluthi mbili, pima. Jaza, pima, na uache saa 24 bila samaki. Ziandike namba hizo kwa kalamu kwenye kipande cha utepe wa gundi, ukibandike upande wa ndani wa mlango wa kabati. Mwezi ujao utakapohisi maji yamekaa vibaya, utakuwa na cha kulinganisha nacho.